Helisi Haigundishwi

Siku ya yenga, nyuma ya misa, nilipita ku kiwanja ya mupira ya Kasha, pale munarushiaka ndeke yenu ndogo ya telekomande, ya kuongoza na mukono kutoka chini. Nilikuwa nimevaa liputa yangu ya kanisa, roho imetulia, sikuwa na mupango ya kugombana na mutu. Kisha nikaona mumoja wenu, sitamutaja, yeye mwenyewe anajijua, amechuchumaa nyuma ya golo. Mu mukono moja alikuwa na helisi ya ndeke yake, yenye kupasuka. Mu mukono ingine, gundi. Alikuwa anaipuliza ikauke mbio, mashavu imevimba kama mutu wa kupiga tarumbeta mu fanfare.

Sikusema kintu. Benye kunijua banajua: nikinyamaza, ni mubaya kuliko nikipiga makelele. Nilirudia nyumbani, chakula ikanikataa. Bugali na sambaza yote ikabakia mu sahani. Bwana yangu akaniangalia, akauliza, "Maman Noella, ni nani amekufa?"

Nikamujibu, "Bado."

Njo maana ninawaandikia, batoto bangu. Munasema mimi ni mama wa hasira. Ni kweli. Lakini hasira yangu iko na sababu, na leo nitawaambia ile sababu.

Nilifanya kazi miaka mingi mu atelye ya buro moja yenye kupima milima. Munajua milima yetu: mvula ikinyesha siku mingi, udongo inalegea, na asubui unasikia fulani na nyumba yake balienda. Sisi tulikuwa tunarusha ndeke ndogo yenye kubeba kamera, juu injenieri aone kutoka mbinguni kile mutu wa chini haoni. Bengine balirusha. Mimi nilitengeneza. Ndeke iliingia mu mikono yangu na shingo imevunjika, ikatoka inaruka. Sasa niko mu pansheni na magoti yangu inalia kuliko motori yoyote nilifungua.

Na mu ile ndeke yote, kintu yenye ilivunjikaka kuliko zingine ni helisi, ile panga ndogo ya ku pua, yenye kuzunguka na kuvuta ndeke nyuma yake. Ndeke yetu haikuwa na magurudumu. Ilishuka kwa tumbo, mu nyasi, mu maharagi ya batu, popote. Unazima motori, lakini helisi inasimama vile inataka yenyewe, na kama imesimama wima, inapiga udongo mbele ya ndeke kufika. Basi kuchagua helisi ingine na kuifunga ilikuwa kazi yangu ya kila juma. Mutu anaweza kuiona ni kazi ya dakika kidogo. Ni kweli ni ya dakika kidogo. Kufa pia.

Mwenye alinifundisha ni Muzee Bisimwa. Alikuwa mutu wa upande wa Lwiro, mufupi, na kofia ya sufu ku kichwa hata wakati wa joto, na aliogopa kintu moja tu mu dunia, ni bibi yake. Siku yangu ya kwanza ku atelye nilikuta ameshika helisi yenye ufa kidogo tu, ufa ya kutafuta na tochi. Akaiweka ku goti yake, taa! Akaivunja mara mbili. Mimi nikashangaa. Nikasema, "Papa, hii si ilikuwa bado mupya? Gundi kidogo na uzi, inatumika."

Akanikazia macho. Unajua sisi batu ya Bukavu tuko na ugonjwa moja: hatujui kutupa. Bezeni ikipasuka, kuko mutu ku Kadutu anaishona na waya ya moto, na inashika maji. Kandambili ikikatika, musumari. Redio ikinyamaza, inafunguliwa. Tunasema "article quinze", jitafutie mwenyewe, na ile article imelisha batu wengi kuliko mushahara. Mimi nilizaliwa mu ile sheria. Muzee Bisimwa pia. Alikuwa anavaa viatu yenye kushonwa mpaka hukujua tena kampuni gani iliitengeneza.

Lakini akaniambia, "Maman Noella, bezeni ikipasuka mara ya pili, unapoteza maji. Helisi ikipasuka mara ya pili, haitakuomba ruhusa ya kwenda fasi inataka. Inaweza kwenda mu jicho. Inaweza kwenda mu shingo. Na ndeke itaanguka ku kichwa ya mutu mwenye anatoka kuteka maji, hajui hata jina yako."

Nikamuuliza, "Sasa juu ya nini unaivunja? Si unaweza kuitupa tu?"

"Nikiitupa nzima, kesho mutu mwenye haraka ataiokota, na shetani atamupatia gundi."

Kisha akanifundisha kuigonga. Munisikilize vizuri hapa. Unashika helisi katikati na vidole viwili, unaiacha inaning'inia, unapiga ncha na ukucha. Ile nzima inajibu: ting. Ile yenye ufa, hata ufa yenye macho haioni, inasema: tup, kama mutu umemwamsha na hataki kuamuka. Gonga mabawa yote mbili. Usitosheke na moja, sababu bawa moja inaweza kuwa mukristo na ingine mwizi.

Musifikiri tulikuwa na akili saa yote. Kulikuwa mwenzetu mumoja, fundi mwenye diplome na kalamu mu mufuko ya shati, wakubwa balikuja siku moja upande wa Walungu kuangalia kazi yetu, na yeye njo alifunga helisi. Motori ililia, ililia, ndeke ikatambaa mu nyasi kama kuku wamefunga miguu. Mama mumoja na kitunga ya maharagi ku mugongo akaipita, hata hakugeuka. Kumbe helisi ilifungwa kinyume! Tulimuuliza, "Ndugu, uliweka maandiko nyuma juu ya nini?" Akasema, "Kama iko mbele, ningeyasoma namna gani?" Eh, Mungu wangu. Maandiko ya helisi inaangalia mbele, kule ndeke inaenda. Helisi haisomwi na mwenye kukaa nyuma. Muandike hiyo mu roho.

Tulicheka siku ile, na kicheko ilitusaidia miaka. Sasa nitawaambia siku yenye hatukucheka.

Mwenye kurusha ndeke ku buro yetu alikuwa Murhula. Mikono ya dhahabu. Angeweza kupitisha ndeke katikati ya migomba na majani isitikisike. Lakini alikuwa na ile ugonjwa ya kutotupa, tena zaidi ya sisi bote. Kila mara niliivunja helisi, alisikitika kama nimevunja sahani ya harusi yake. "Maman Noella, wewe uko na mukono muzito." Mimi namujibu, "Na wewe uko na kichwa mwepesi." Tulikuwa tunapendana vile.

Mama yake, Mama Murhula, mujane, alikuwa anaishi ku mulima upande wa Kasha na bajukuu wawili. Parsele ndogo: nyumba, jikoni ya pembeni, migomba juu na chini, na katikati ya migomba kaburi ya bwana yake, ya simenti, yenye kupakwa chokaa. Ule mama aliichunga ile kaburi kuliko nyumba. Wakati ilijengwa, alivuta kamba yeye mwenyewe na muashi, juu isimame sawasawa na ukuta ya jikoni. "Akiwa amelala vizuri," alisemaka, "na mimi nitalala vizuri."

Mu ile mwezi mvula ilinyesha bila huruma. Mulango ya jikoni ikaanza kukataa kufunga. Mama Murhula akatoa kisu, akaikwangua, akasema ni mbao imevimba. Kisha ufa ikatokea nyuma ya choo, ndefu kama mukono. Akaijaza majivu na udongo, akaikanyaga. Murhula alipofika kumusalimia, akaona ile majivu imezama ndani, na ufa ingine juu, mu maharagi ya jirani. Akakimbia kutuita.

Injenieri Bahati, mukubwa wetu, akapanda, akazunguka, akashuka na udongo mpaka magoti. Alisema, "Ninaona vipande vipande tu. Kama hizi ufa hazifikiani, ni mambo ya kawaida. Kama zinafikiana, huu mulima unatoka, na nyumba ya mama njo iko katikati. Lakini chini ya hii migomba siwezi kuapa." Shefu ya kartie, mukubwa wa mutaa, alikuwa pale. Akasema bila ushahidi hawezi kumufukuza mujane ku kaburi ya bwana yake, batu batamulaani. Bajirani balikuwa bamekwisha kuondoka. Mama Murhula alikuwa amekaa mbele ya jikoni anachambua lengalenga, bajukuu banacheza pembeni.

Mutoto wake alipiga magoti. Ninasema ukweli, Murhula na ukubwa wake wote, mu matope. "Mama, twende. Ninakuomba."

Akajibu bila kuinua kichwa, "Papa yako simuachi peke yake. Siku mulima itanionesha mimi na macho yangu, nitaondoka. Mbele ya ile siku, musiniongeleshe."

Basi kazi ikawa ile: kumuonesha mulima. Na mvula ya mangaribi ilikuwa inakuja. Upande wa Kahuzi kulikuwa kumejaa weusi, na upepo ilikuwa inaleta harufu ya maji. Injenieri aliangalia mbingu, akaniambia pole pole, "Maman Noella, mulima hii imeshiba. Haitakunywa mvula ingine."

Shefu alituma mutu na megafoni kutangaza kama ile kintu yenye italia juu ni ndeke ya buro, batu basikimbie. Hiyo musisahau na nyinyi. Mu muji yetu, tangu vita, kintu yenye kulia juu ya kichwa haichekeshi mutu. Munarusha kwa furaha yenu, lakini chini kuko bibi mwenye anajificha chini ya kitanda.

Murhula akashika ndeke, akakimbia, akaitupa. Kila siku macho yake ilikuwa mbele. Siku ile ilikuwa kwa mama yake, nani angemulaumu? Aliitupa chini kidogo, bawa ikakamata jani ya mugomba, ndeke ikapinduka na kuanguka na pua mu viazi. Bawa ya ndeke, nzima. Kamera, nzima. Helisi, bawa moja imekatika kabisa.

Bote bakaniangalia mimi.

Nilifungua mufuko yangu ku meza ya Mama Murhula. Helisi iko na namba mbili. Ya kwanza ni upana, kutoka ncha mpaka ncha, kwa pusi, ile inchi. Ya pili ni hatua, namna gani ingesonga mbele mu mzunguko moja kama ingekuwa visi, ule musumari wa kuzungusha, mu ubao. Ndeke yetu ilikula dix sur six: kumi ya upana, sita ya hatua. Mu mufuko nilikuwa na neuf sur six, tisa kwa sita, onze sur huit, kumi na moja kwa nane, na onze sur cinq, kumi na moja kwa tano. Dix sur six, hakuna.

Ile ya tisa ilikuwa ya wakati tulipima kule chini, upande wa Uvira, kwenye hewa iko nzito na helisi ndogo inapata kitu ya kushika. Huku kwetu juu, hewa iko nyembamba. Na ile tisa, ndeke na kamera yake isingepanda, ingetembea mu migomba mpaka ianguke. Onze sur huit, upana mingi na hatua mingi, ingenyonya batri na kuchoma motori. Ikabakia onze sur cinq. Muzee Bisimwa alisemaka: ukiongeza upana, punguza hatua, hivi motori haitajua umeidanganya. Tena hewa yetu nyembamba inasaidia, inapunguza mzigo. Ilikuwa mupya, haijafungwa hata siku moja. Lakini tundu yake ilikuwa kubwa kuliko chuma ya motori, na ka pete kenye kuingia katikati, kale kenye kanakuja mu pakiti, hakakuwapo.

Nikiwa ninawaza ile pete, Murhula akakimbia ku sanduku yake, akarudia amefurahi, machozi mu macho. "Maman Noella! Iko hii! Dix sur six! Ilikuwa chini kabisa!"

Nyeusi, inang'aa, namba inasomeka. Tundu sawasawa na chuma ya motori, bila pete. Injenieri akapumua, akasema, "Mungu asifiwe, funga mbio." Ngurumo ikapiga kule juu.

Nikaipokea. Nikashika katikati, nikagonga bawa ya kwanza. Ting. Nikagonga ya pili.

Tup.

Nikagonga tena. Mukono yangu ilitaka isikie vibaya. Tup. Nikaitazama karibu, nikaona rangi nyeusi fasi moja inang'aa kuliko ingine, karibu na katikati. Mutu aliipaka na rangi ya viatu, na akaifuta vizuri, kazi ya fundi kabisa.

"Murhula. Uligundisha hii?"

Maneno ikamutoka yote mara moja. "Ni zamani, Maman. Niliitoa mu takataka mbele uivunje. Nilitia gundi ya nguvu, nikaikausha siku mbili, nikaisugua, hata wewe hukuiona! Itashika. Ninajua itashika. Ni ndeke moja tu, mara moja tu, juu na kurudi. Maman, angalia mvula. Angalia mama yangu."

Nikaangalia. Mama Murhula alikuwa amebeba mujukuu mudogo ku mugongo, anatazama sisi kama batu wenye kucheza. Wingu ilikuwa imekwisha kufunika mulima ya pili. Injenieri akasema, "Maman Noella, tuko na chaguo gani?" Hata shefu akasema, "Mama, muache kijana ajaribu."

Batoto bangu, mara mingine hasira ni nguvu yenye Mungu anakukopesha. Niliogopa. Nilikuwa ninajua kama nikikosea, ule mama na bale batoto batalala chini ya udongo na Murhula atanihesabia damu yao mpaka kaburi yangu. Lakini nilijua pia: ile helisi ingeshika wakati wa kukimbia. Ingeshika wakati wa kutupa. Ingeachana juu, motori ikivuta nguvu yote, na ndeke ingeanguka kule mu bonde, na kamera yake, na ushahidi yetu, na ile saa moja ya mwisho yenye tulikuwa nayo.

Nikaweka vidole gumba viwili pale rangi ilikuwa inang'aa. Sikuiweka hata ku goti.

Ikaachana kama biskuti.

Murhula alilia sauti yenye sijasikia tena. Alinirukia, Injenieri akamushika mikono. "Umeua mama yangu! Unasikia? Wewe njo umemuua! Roho mubaya! Wewe na muzee wako wa kofia!" Alinitukana ku Kiswahili, akamalizia ku Mashi, na Mashi yake ilikuwa safi sana, nilielewa yote.

Nikachukua mukono yake, nikaweka bile vipande viwili ndani. "Nilitumia vidole, Murhula. Vidole ya mama muzee. Motori iko na nguvu namna gani?"

Akaangalia ile fasi ya gundi, nyeupe, laini, hakuna hata uzi moja ulishika. Sikuwa na wakati ya kumuhurumia.

"Niletee ile helisi yenye ilivunjika saa hii," nikamuambia. Ile ya mu viazi. Munaelewa juu ya nini? Ilikuwa ya kampuni moja na ile onze, tundu moja, na pete yake ilikuwa bado ndani. Helisi ikivunjika, mbele ya kuitupa, toa pete. Nikaiweka juu ya mawe mawili, nikagonga na musumari na jiwe, pete ikatoka nzima. Nikaiingiza mu onze sur cinq kwa upande wa nyuma, kwenye inakaa ku motori. Ikaingia sawasawa, haikuchezacheza.

Kisha kupima uzito. Injenieri akapiga kelele, "Maman, hakuna wakati!" Nikasema, "Kuko." Helisi mupya haina maana iko sawa. Bawa moja ikiwa nzito kidogo, ndeke inatetemeka, na picha inatoka ukungu tupu, umerusha bure. Kila siku nilitembea na sindano ya kufuma mapulo ya sufu, ile nene. Nikaipitisha mu tundu, nikaishika laini na mikono miwili. Bawa moja ikashuka. Nikabandika kipande kidogo ya skochi, ile karatasi ya kunata, ku mugongo ya ile ingine. Ikashuka hii sasa. Nikakata nusu. Ikasimama.

Maandiko mbele. Rondeli, ka duara ka chuma. Nati. Kaza na ufunguo, usikaze na vidole na sala. Kisha Murhula akashika ndeke ku mukia, mimi nikasimama nyuma, hapana pembeni ya helisi, mutu hasimamake pembeni ya helisi. Washa motori na nguvu yote, kwa muda kidogo tu, kisha zima. Nikaweka mukono ku motori. Vuguvugu. Kama ingeunguza ningekataa, na sijui ningefanya nini.

"Panda na nguvu yote," nikamuambia Murhula, "ukiwa juu, punguza. Hii inavuta kuliko ile umezoea. Na ukishuka itavunjika, upana wake mingi. Usiihurumie. Kazi yake ni kupanda."

Alipiga alama ya musalaba, akapokea telekomande, na Injenieri akakimbia na ndeke akaitupa.

Ikazama kidogo, roho yangu ikazama nayo. Kisha ile helisi ikakamata hewa. Mulisikia sauti ya onze ikipanda huku kwetu? Iko chini kuliko ya kumi, iko kama mutu mwenye anaimba besi. Ndeke ikanyanyuka juu ya migomba, juu ya choo, juu ya bati, na Murhula akaipeleka mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mutu analima mustari. Matone ya kwanza ikaanza kupiga bati. Akaishusha mu viazi, helisi ikavunjika pale pale, sikuiangalia hata.

Injenieri alifungua ordinateri, kompyuta yake, chini ya mwavuli, ku magoti ya Mama Murhula mwenyewe. Picha ikatokea. Kutoka juu, ufa haikuwa vipande tena. Ilikuwa moja. Ilianza juu mu maharagi, ikashuka pande mbili, ikakumbatia parsele yote, kama mukono ya mama yenye kushika mutoto. Injenieri akafungua kinywa kueleza, lakini Mama Murhula hakuwa anaangalia ufa. Alikuwa ameweka kidole fasi ingine.

"Ni nani alisogeza kaburi ya bwana yangu?"

Tukaangalia. Kaburi nyeupe katikati ya migomba. Na ukuta ya jikoni. Bintu viwili yenye alisimamisha na kamba yeye mwenyewe. Ilikuwa imeachana. Kaburi ilikuwa imegeuka, kichwa upande huu, miguu upande wa bonde. Kutoka chini hakuna mutu aliiona, sababu kila siku ilisogea kidogo tu.

Mvula ikaongezeka. Kisha Mama akasema, si kwetu, kwake yeye mwenyewe, "Nilibakia hapa kumuchunga. Kumbe yeye amekwisha kuanza safari." Akasimama, akakaza kitambaa ya mujukuu ku mugongo. "Murhula, leta sufuria. Na ule mutoto mwingine. Nini munaniangalia? Twende!"

Tulikuwa tumefika ku kanisa, ng'ambo ya bonde, wakati mulima ilitoka. Haikulia sana. Ililia kama kamio inamwaga mawe mbali. Jikoni ikaenda ya kwanza, na mulango yake yenye ilikataa kufunga. Kisha nyumba. Kisha ile chokaa nyeupe, na migomba yote ikiwa bado imesimama wima, ikashuka nayo. Mama Murhula alipiga magoti akamuombea bwana yake safari njema. Nililia mpaka pua. Murhula alisimama karibu yangu, akanifunika na koti yake.

Nyuma ya maziko ya ile mulima, kama naweza kusema vile, Mama Murhula alikuja ku atelye yetu na maziwa mu chupa. Akakaa ku kiti yangu. Akauliza, "Zile zingine ziko wapi?"

Nikasema, "Zile gani, Mama?"

"Zenye huyu aligundisha."

Murhula alitaka kukataa. Kisha akaangalia uso ya mama yake, akaenda, akaleta mufuko ya karatasi. Zilikuwa nyingi, batoto bangu. Nyingi! Nilikuwa ninaweka batu mu hatari na sijui. Nikamufundisha mama kugonga. Akagonga ya kwanza, akasikiliza na kichwa imeinama, akauliza, "Hii inasema nini?" Nikasema, "Inalala." Taa, ku goti. Akagonga ya pili. Taa. Murhula alisimama pale anapokea vipande mu mikono yake, moja moja, na hakuna hata moja aliomba iachwe.

Sasa wewe wa nyuma ya golo. Siku ya yenga nitapita tena Kasha, nyuma ya misa, na hii mara nitavaa viatu ya kutembea. Uniletee ile helisi. Nitaishika katikati na vidole viwili, mbele ya benzako bote, na nitaigonga na ukucha. Kama ikijibu ting, nitakuomba musamaha na nitakunywesha soda.

Lakini sisi bawili tunajua itajibu nini. Basi usiningojee. Iweke ku goti leo.